Kulala kwenye majani: siku sita Moshi na Marangu

Nimerudi Dar wiki mbili sasa. Nimeandika haya kwa kufuata daftari langu, ambalo kurasa zake nne zililowa, na picha za kwenye simu.

Kwanza sababu ya safari. Mwaka jana nilipotea kwenye msitu wa Magamba, juu ya Lushoto. Giza lilinikuta njiani, nikakata matawi, nikajitengenezea paa la kuinama kwenye gogo, nikaliezeka vizuri kabisa. Kisha nikalala chini ya paa hilo kwenye udongo mtupu. Hakukunyesha hata tone, lakini nilitetemeka mpaka alfajiri, meno yakigongana, na nilipojaribu kufunga kamba za viatu asubuhi vidole havikunitii. Tangu siku hiyo nimetaka kujifunza kulala nje kwa mtu anayejua. Rafiki ninayefanya naye kazi aliniambia babu yake wa Marangu alikuwa mpagazi mlimani tangu zama wapagazi walipokuwa wakijihifadhi mapangoni. Akampigia simu, babu akasema nije shule zikifungwa, ili mjukuu wake naye ajifunze.

Siku ya 1, Jumatano. Dar hadi Moshi

Basi liliondoka Mbezi saa 12 na nusu asubuhi, nauli 38,000. Mpaka Mombo sina la kusimulia. Baada ya Same tairi la nyuma lilipasuka, na tairi la akiba lilikuwa halina upepo. Tulikaa kando ya barabara saa mbili na dakika kumi. Jua la pale ni kali na miti ni ya miiba, haina kivuli cha maana. Mama mmoja mwenye nyumba ng'ambo ya barabara alituona, akamtuma binti yake na ndoo ya maji na vikombe viwili vya plastiki. Tulikuwa watu zaidi ya arobaini. Ndoo ilipoisha akaleta nyingine. Mzee mmoja wa kwenye basi alipotaka kumpa hela alikataa, akasema, "Maji hayauzwi kwa msafiri, baba."

Tuliingia Moshi saa mbili usiku. Nyumba ya wageni karibu na stendi, 25,000 pamoja na chai ya asubuhi.

Kwa atakayekwenda Marangu moja kwa moja kutoka Dar: shuka Himo, njia panda, upande gari la Marangu pale pale. Kufika Moshi ni kupitiliza na kurudi nyuma. Mimi nilipitiliza kwa sababu nilikuwa na vitu vya kununua, na kwa sababu sikutaka kubisha hodi kwa watu nisiowajua usiku.

Siku ya 2, Alhamisi. Moshi hadi Marangu

Asubuhi mlima ulijionyesha kwa dakika ishirini hivi, kisha ukajifunika. Nilikwenda soko la mitumba la Memorial, nikapata sweta zito la sufu kwa 6,000 na soksi za sufu kwa 2,000. Chukua sufu, hata ikiwa imechakaa. Pamba ikilowa inakunyonya joto, sufu ikilowa bado inakupa kidogo. Soko la Mbuyuni nikanunua panga (9,000), tupa ya kulinolea na magunia matupu sita.

Kutoka Moshi hadi Marangu Mtoni ni kilomita kama 40. Hiace ilijaa taratibu, tukaondoka saa tano, nauli 3,000. Baada ya Himo barabara inaanza kupanda na hewa inabadilika dirishani. Ukienda na sikio lako utasikia hata mazungumzo yanabadilika, Kiswahili kinapungua, "shimbonyi mbe", salamu za Kichagga, zinaongezeka. Migomba pande zote, kahawa chini yake, na juu ya vyote miti mirefu ya mruka na mringaringa. Bodaboda kutoka Mtoni hadi kwa babu ni 2,000, na dereva akanibebea gunia mpaka mlangoni bila kuongeza bei.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyelala chini kama mbuzi?"

Habari ilikuwa imetangulia. Bibi akanipa mtori wa moto kabla sijavua viatu.

Nilidhani tutaanza kazi mchana ule. Badala yake babu alinichukua mimi na mjukuu, kijana wa kidato cha kwanza, tukaenda kuangalia msonge, ile nyumba ya kale ya Wachagga, uliojengwa upya kwa ajili ya wageni. Kiingilio 5,000 kwangu. Wao wenyeji hawakudaiwa. Nilishawahi kuona misonge kwenye picha nikaona ni nyumba ya duara tu. Ukiingia na mtu aliyezaliwa kwenye nyumba kama hiyo unaona kingine. Paa linashuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, mwinuko mkali, hivyo maji hayapati nafasi ya kufikiri. Mlango ni mfupi, unainama. Upande mmoja watu, upande mwingine ng'ombe na mbuzi, moto katikati, na darini kunakaushwa chakula. Babu akatuuliza: joto la nyumba hii linatoka wapi? Kijana akajibu, motoni. Babu akasema moto unazimika saa sita, ng'ombe hazimiki.

Akaeleza na moshi. Moshi wa kila siku ulikausha majani ya paa kwa ndani na kufukuza wadudu wanaoyatafuna. Nyumba ikikaa bila moto, paa lake linaoza upesi. Nililiandika hilo kwa herufi kubwa daftarini: nyumba ya majani inadumu ikikaliwa.

Siku ya 3, Ijumaa. Kujenga

Jambo la sheria, kwa sababu najua wapo watakaosoma hapa na kukimbilia msituni na panga. Msitu wa Kilimanjaro uko ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu 2005. Hata ule ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wenyeji wapate kuni na mahitaji yao, umo humo. Hukati kitu, hupigi kambi kienyeji. Sisi tulijenga kwenye kishamba cha miti cha babu, juu ya korongo, ndani ya ardhi yake, na tulitumia matawi ya mgrivea aliyokwisha kuyapunguza ili kahawa ipate mwanga, miti iliyoanguka, na majani ya migomba yake.

Kuchagua mahali kulichukua saa nzima. Mimi nilipenda pale chini karibu na maji, pametulia. Babu akakataa: korongoni hewa baridi ndiko inakotulia usiku, na mvua ikinyesha juu maji yanapita hapo hapo. Juu kwenye mgongo wa kilima nako kuna upepo. Akachagua katikati, penye mteremko mdogo. Kisha akasimama akaangalia juu, muda mrefu, akasogea hatua kumi na tano kukwepa mkaratusi. Mti ule huachia matawi bila upepo wala onyo. Mlango tukauelekeza upande wa bondeni, kwa sababu usiku upepo unashuka kutoka mlimani.

Nikashika panga kwenda kukata fito. Babu akasema, "Weka. Leta majani."

Tulianza na kitanda. Magogo mawili yaliyonyooka tukayalaza sambamba, nafasi ya mabega yangu na kidogo, tukaweka vigingi kwa nje yasibiringike. Katikati tukajaza majani makavu ya mgomba na majani makavu ya mgrivea, magunia manne. Yakawa yamefika gotini. Babu akaniamuru nilale dakika kumi, niamke, nipenyeze mkono. Vidole viligusa udongo. "Ongeza." Gunia mbili. Lala tena. Bado. Mara ya nne ndipo ilibaki shibiri moja nzima kati ya mgongo wangu na ardhi baada ya kulaliwa. Nilihesabu: magunia tisa. Kule Magamba nilitumia sifuri.

Nilimuuliza kwa nini kitanda kabla ya paa, na jibu lake ndilo nililolifuata kilomita zote hizi. Alisema giza huku halikungoji. Saa 12 na nusu jua linazama, muda mfupi baadaye huoni mkono wako. Ukiwa peke yako, umechoka, una saa moja ya mwanga, hutamaliza kibanda. Basi kusanya majani makavu, rundo kubwa kuliko unavyodhani, uingie katikati yake kama fuko aingiavyo ardhini. Utaiona asubuhi. Paa bila kitanda ndilo linalowaua watu, kwa sababu mtu anajiona amejenga.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Nguzo mbili fupi za panda mlangoni, zimeegemeana, urefu wa kiuno. Mwamba mmoja mrefu, yaani mti wa juu wa paa, kimo changu na dhiraa mbili zaidi (dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha za vidole), kichwa chake kimekaa kwenye panda, mkia wake umelala ardhini upande wa miguu. Pande zote mbili tukaegemeza makombamoyo, ile miti ya kubeba paa, karibu karibu, yakifuata mwamba unavyoshuka. Kamba zilikuwa magome makavu ya mgomba, tuliyoloweka dakika chache yakawa laini kama kitambaa, yakikauka yanabana. Juu yake fito za kulaza. Kibanda ni kidogo, ukilala unagusa pande zote, na ndivyo kinavyotakiwa. Humo ng'ombe ni wewe mwenyewe. Ukijenga kikubwa unapasha joto hewa.

Kwenye kuezeka niliona mstari wa mimea yenye majani marefu ya kijani kibichi, nikaenda kuchuma. Kijana akanishika mkono kabla babu hajasema. Ni masale. Yanaonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, yanapandwa makaburini, na mtu akikukosea sana akaja na jani la masale kuomba msamaha, ni vigumu kumkatalia. Hayaezekwi. Niliomba radhi, na babu akasema sikujua, yamekwisha.

Majani makavu tuliyarundika juu ya fito mpaka unene wa dhiraa moja, kutoka chini kwenda juu. Nje tukafunika na majani mabichi ya mgomba, ncha zikielekea chini, kila safu ikilalia ile ya chini kama magamba ya samaki. Mabichi yanamwaga maji, makavu yanatunza joto, na ni kosa kudhani moja linatosha. Kisha matawi mazito juu, upepo usichukue. Watu watatu, saa sita pamoja na kula kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage.

Moto tulikoka nje, hatua nne kutoka mlangoni. Ndani ya kibanda kidogo kama hiki hakuna moto wala jiko la mkaa. Majani yatashika, na mkaa kwenye nafasi iliyofungwa unaua bila kukuamsha. Habari hizo tunazisikia kila msimu wa baridi. Na mawe ya kuzungushia moto usiyatoe mtoni, maji yaliyomo yakichemka jiwe linapasuka na kurusha vipande.

Nililala saa tatu usiku, gunia lililojazwa majani likiwa mlango. Kwa dakika kumi za kwanza niliogopa kila mkwaruzo. Kisha nikasikia joto langu mwenyewe linanirudia kutoka mgongoni. Sijui niielezeje hali ile. Nilitokwa machozi.

Siku ya 4, Jumamosi. Matengenezo na siafu

Niliamka nikiwa nimelala vizuri, na nikaona mwanga unapenya sehemu tatu. Majani yalikuwa yameshuka. Unene haukufika tena dhiraa moja, na mabichi ya nje yalianza kujikunja pembeni. Babu alikuja na kikombe cha chai ya tangawizi, akanikuta nashangaa. Akasema kibanda cha majani ni kama ng'ombe, kinataka kulishwa kila siku.

Basi hii ndiyo ratiba tuliyofuata siku zote zilizobaki. Asubuhi jua likitoka unatoa majani ya kitandani, unayatandaza juani, kwa sababu jasho na pumzi zako zimeyalowesha. Yakirudi ndani na unyevu hayana kazi. Mchana unaongeza paa palipolala na kubadilisha majani mabichi yaliyochanika. Unakaza kamba zilizolegea. Jioni, kabla ya giza, unarudisha kitanda, unaongeza gunia moja, kisha unapigapiga rundo lote kwa fimbo ndefu ili chochote kilichoingia kitoke. Kazi hii ilinichukua kama saa mbili kwa siku. Picha nyingi za vibanda mtandaoni hupigwa siku ya kwanza.

Saa nne usiku kijana, aliyeomba kulala karibu na moto, akapiga kelele: siafu. Tochi ikaonyesha mstari mweusi unene wa vidole viwili, unatoka kwenye kahawa kuja mlangoni kwangu. Nilikuwa nimekula kiburu humo ndani jioni, na punje za maharage zilidondoka. Babu akaja na kopo la majivu, lakini alipoona wameshaingia hakumwaga. Akaniambia nitoke, nikae na blanketi kwenye moto, niwaache wapite. Walikaa kama saa mbili. Waliingia, wakatafuta kila kona, wakatoka na mende, buibui na mdudu mmoja nisiyemjua. Walipokwisha ndipo akazungushia majivu. Alisema sasa nyumba yangu imefagiliwa. Kweli, sikuumwa na kitu tena.

Usile ndani, na weka majivu mapema, yakiwa makavu. Yakilowa na umande yamekwisha nguvu.

Siku ya 5, Jumapili. Mvua

Mvua ilianza kama saa tisa usiku, mkia wa masika, si kubwa ila haikuchoka. Kwa nusu saa nilisikiliza kwa furaha: sauti nje, ukavu ndani. Kisha tone likaniangukia shavuni. Lingine begani. Nikawasha tochi. Pale begani nilikuwa nimelisukuma paa kwa kiwiko wakati nageuka, majani yakaachana, na maji yakapata njia. Pale usoni kosa lilikuwa letu la ujenzi: juu ya mwamba, mahali pande mbili zinapokutana, hatukuweka kitu.

Nilihamia mwisho wa kitanda, nikajikunja. Kitanda hakikulowa chini, kwa sababu ya mteremko na magogo, na baridi haikunipata. Nilikaa hivyo mpaka mwanga nikiwa na bega moja lililolowa tu.

Bibi alikwenda ibadani na kijana. Babu alibaki, akasema Mungu anaelewa habari za mapaa. Tulitengeneza kofia: magome mapana ya mgomba, yamekunjwa katikati, yamekalishwa juu ya mwamba kama tandiko la punda, kila moja likilalia lingine kuanzia miguuni kuja mlangoni, yakabanwa na vijiti viwili viwili vilivyofungwa vichwa. Tukachimba mfereji wa kiganja kimoja upande wa juu, ukizunguka na kumwaga pembeni. Tukaongeza makombamoyo mawili mahali pangu pa bega.

Mchana bibi alirudi na jirani yake, mama mtu mzima ambaye hakunijua kabisa. Alikuwa amesikia kuna mgeni analala nje na mvua. Alileta chupa ya maziwa mgando na blanketi. Nilimweleza kwamba nalala nje kwa hiari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya mwanangu," na blanketi akaliacha.

Usiku ule ilinyesha tena, saa nane mpaka alfajiri. Hakuna tone lililoingia.

Siku ya 6, Jumatatu. Kurudi

Nilitaka kubomoa na kusafisha. Babu akakubali nusu: majani ya kitandani yote tukayabeba kwenye magunia, tukayatandaza kwenye mashina ya kahawa na migomba, yaliyoharibika zaidi yakawa ya kwanza. Mifupa ya kibanda kijana akaiombea, akitaka kuendelea kulala humo mpaka shule zifunguliwe.

Niliacha panga, tupa na magunia. Hela babu hakutaka. Bibi akakubali sukari kilo tano na mafuta ya kupikia, 32,000 dukani Mtoni. Kama huna mwenyeji, ofisi ya kijiji ndipo pa kuanzia, usijenge kwenye ardhi usiyoijua mwenyewe. Kila kitu, na nauli za kwenda na kurudi, kilinigharimu 170,000 na ushee. Basi la kurudi nililipandia Himo, na halikuharibika.

Juzi usiku simu iliita saa tatu na nusu. Ni kijana. Mvua imenyesha, maji yanaingia upande wa kushoto, katikati. Nikamuuliza kama kofia ipo. Ipo. Majani ya nje ameyabadilisha lini? Alhamisi. Nikamwambia asiguse paa kwa ndani, asogee upande wa kulia, na asubuhi ainue safu ya tatu kutoka chini aangalie kama jani limepasuka kwenye mshipa. Nyuma yake nikamsikia babu akiuliza kwa sauti kutoka mbali, "Kitanda je? Muulize kitanda."

"Kikavu, babu," kijana akajibu.